Mti wa Mapichi Alioupanda Hénock

Bellevue, Johannesburg
Tarehe 2 Septemba

Kwako Mama mkwe mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Chloé. Magoti yanaendeleaje? Uliniambia kwamba ngazi za kanisa zinakushinda, na tangu siku hiyo nakuwaza. Sisi ni wazima, ila midomo imepasuka, maana mwaka huu baridi iligandisha hata maji ya ndoo pale uani.

Sasa inaondoka. Matembele niliyodhani yameungua kwa baridi yametoa majani mapya, na mboga ya lengalenga inajiotea yenyewe kando ya bomba. Lakini habari kubwa ni mti wa mapichi. Hénock alikusimulia jinsi alivyokula pichi akaifukia kokwa yake nyuma ya nyumba. Aliuacha ukimfika magotini. Miaka mitatu tangu tumzike, haukuwahi kutoa hata ua moja.

Mwezi wa saba niliuona umekufa, nikamwomba jirani yetu Firmin aukate. Firmin ni mtu wa Bukavu, analinda duka usiku, na amepanga chumba cha nyuma. Alikwangua gome kwa ukucha, akanionyesha ukijani uliokuwa chini yake, akasema, “Mama Chloé, huu umelala tu. Uache.” Kisha akalifunga shina kwa magunia.

Jumamosi asubuhi, alipotoka kazini, alitugongea mlango. Tulikuta mti mzima umejaa maua ya rangi ya waridi, na nyuki wengi. Unajua Chloé Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, “Papa hakuyaona.” Nikalia. Nilipogeuka, Firmin hakuwepo. Alikuwa amekwenda kusimama getini, ametugeuzia mgongo, akatungoja mpaka tukamaliza.

Mama, kuna neno ambalo kwenye simu nilishindwa kulisema, ndiyo maana nimempa mwenzetu Gustave barua hii, kwa kuwa kesho anapanda basi la kuja huko kwako Lubumbashi. Firmin amenichumbia, nami nimekubali. Nilimjibu Jumapili kabla ya kukuuliza, na hilo ni kosa langu. Ulipopiga juzi nilikueleza habari za mboga tu, kisha nikabaki na aibu yangu.

Firmin amesema picha ya Hénock haitatoka ukutani, na Chloé atabaki na jina la baba yake. Maneno ya watu siyaogopi. Ninachoogopa ni kingine. Mama aliyenizaa nilimzika nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sikumwita tena mtu yeyote Mama mpaka siku uliponipokea mlangoni kwako. Sasa wapo watakaosema kwamba mimi si wako tena. Naomba uniambie mwenyewe, hata kama jibu litaniumiza.

Wasalimie shemeji zangu na majirani wote. Chloé anakubusu mashavu yote mawili.

Mpaka utakaponijibu, natia sahihi kama nilivyozoea.

Mwanao,
Marcelline