Doto na Tarehe 14

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Leo tena hakuna kitu. Nimesimama bandani tangu kulipokucha, namtazama Doto mkia, macho, mgongo. Halii, hampandi mama yake, hana ute, hana dalili yoyote ya kutaka dume. Anatafuna maganda ya ndizi kama mtu asiye na habari. Miaka miwili na miezi miwili! Ng'ombe mtamba wa umri huu alitakiwa awe ameshabeba mimba.

Jana shemeji Athanas alikuja kupanga misa ya mwaka wa marehemu mume wangu, Beno. Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Ndugu wa Masasi wanakuja wote. Alipomaliza akaenda bandani na kikombe chake cha chai, akamtazama Doto kwa muda mrefu — nikajua. Akasema, shemeji, huyu anakula tu. Bwana mifugo aje amwone. Akisema atazaa, abaki, sitamgusa. Akisema hazai, basi tarehe 14 hatuna haja ya kutafuta nyama.

Hakusema kwa ubaya. Siku ya mazishi Athanas alilia kuliko sisi wote. Lakini kumla Doto kwenye misa ya Beno! Beno aliyemshika kwa mikono yake! Sitaweza kumeza.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimepeleka maziwa Kariakoo kwa Zamzam, mgahawani kwake. Akainua kopo, akasema, Mama Benedikta, leo umeniletea maziwa au umeniletea mvua? Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo. Malkia, mama yake Doto, amezeeka, maziwa yanapungua kila wiki, na nyuma yake yupo Doto peke yake.

Nikaokota majani ya kabichi pale wanapofungua magunia. Wapagazi wananijua. "Mpisheni mama ng'ombe!" Kisha nikaingia duka la dawa za mifugo, kwa Nurdin. Nilitaka kuuliza kama kuna dawa ya kumfanya mtamba atafute dume. Akaniuliza umri. Akaniuliza anakula nini. Halafu akauliza, alizaliwa pacha?

Nikasema kwa nini.

"Kama alizaliwa pacha na dume, mama yangu, usipoteze dawa."

Akanieleza polepole, huku akipanga chupa zake. Wakiwa tumboni damu zao zinachanganyika. Ya dume inaingia kwa jike na kumharibia kizazi kabla hajazaliwa. Nje ni jike, ndani kizazi hakikui. Dume mwenyewe huwa hapati shida kubwa. Katika kumi, tisa hawazai kabisa.

Nikauliza, na wa kumi?

"Wa kumi anazaa. Lakini wako si pacha, au?"

Nikasema naulizia wa jirani. Nikasahau mfuko wa kabichi dukani kwake. Ikabidi nirudi kuuchukua, na aibu juu.

Jumapili, 25 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa bandani, Juni ya mwaka juzi.

Beno alitoka na shati lake la mistari, limelowa mpaka kifuani. Aliinua vidole viwili. Sauti haikutoka. Mimi nikadhani amekatwa vidole! Nikakimbia na kitambaa. Kumbe wawili. Dume ametangulia, ameshaanza kutafuta titi. Jike amekuja wa pili, kadogo, hakapumui. Beno akachukua bua, akalitia puani mwa ndama, akazungusha. Ndama akapiga chafya usoni kwa Beno! Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Majina hayakutafutwa: Kulwa, Doto.

Leo nimekumbuka na jambo jingine. Mzee aliyekuja kutoka Kisarawe kumchukua Kulwa alimtazama Doto, akamwambia Beno neno kwa sauti ya chini. Beno akajibu, hapana, huyu anabaki. Mimi nilikuwa nafua. Nilidhani mzee anamtaka na yeye.

Beno, ulijua? Ulijua ukanyamaza?

Jumanne, 27 Agosti

Nimempigia bwana mifugo mpya, anaitwa Hillary. Yule wa zamani amehamia Morogoro. Sauti ya kijana, shikamoo mama, marahaba. Atakuja Jumatano ya wiki ijayo.

Huyu mpya hamjui Doto. Hajui alizaliwaje. Asipoambiwa, huenda akasema atazaa.

Nimeliandika hili halafu nimelitazama. Ni kweli nimelifikiria.

Ijumaa, 30 Agosti

Doto amenilamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Anapenda chumvi ya jasho. Ulimi kama msasa.

Athanas kapiga simu. Turubai limepatikana.

Jumatano, 4 Septemba

Nimesema uongo.

Hillary alikuja na pikipiki saa nne. Kijana mpole, alivua viatu vya barabarani akavaa mabuti kabla hajakanyaga bandani. Akatoa kadi. Jina la ng'ombe? Sikuweza kusema Doto. Nani katika nchi hii atasikia Doto asiulize mwenzake? Nikasema Tausi. Tausi! Sijui nililitoa wapi. Doto akanigeukia, nikatazama pembeni.

Akavaa glavu ndefu mpaka begani, akampima. Akasema kizazi chake ni chembamba, mama, ni kama uzi. Akaniuliza, alizaliwa peke yake?

"Peke yake."

Akasema basi vizuri, maana angekuwa pacha na dume angechukua damu ipelekwe maabara, wakatafute humo vinasaba vya dume. Majibu ni wiki tatu. Kwa huyu hakuna haja. Pengine amechelewa tu kukua. Atakuja Jumatatu na sindano ya kumwamsha. Siku tatu baadaye aonyeshe joto, atake dume. "Asipoonyesha, mama yangu, nisikudanganye, sitakuwa na la kufanya."

Jumatatu ni tarehe 9. Siku tatu baadaye ni 12. Nimehesabu kwa vidole alipokuwa bado anafunga mkoba.

Wiki tatu! Ningesema ukweli damu ingekuwa maabara, na Athanas asingemgusa ng'ombe anayesubiri majibu. Misa ingepita. Huenda Doto ndiye yule wa kumi. Mimi mwenyewe nimemfungia mlango.

Nilitaka kumkimbilia, pikipiki ikiwa bado inawaka. Sikukimbia. Kijana alikuwa ameniita mama yangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeshika simu mara tatu kumpigia Hillary. Nitaanzaje? Kwamba nilisahau? Nani anasahau mapacha?

Moza, jirani wa ukuta wa nyuma, amepita na maganda ya ndizi kama kawaida. Sauti yake inafika mpaka kituoni Mapipa. "Dotooo! Mrembo wangu, bado hujapata mchumba?" Doto anamjibu, anakimbilia ukutani. Nilitaka kumwomba Moza Jumatatu asiite. Angeuliza kwa nini, na saa sita Magomeni nzima ingejua. Nikamwambia tu, Jumatatu usijisumbue na maganda. Akasema, usumbufu gani, maganda yenyewe naletewa!

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika jikoni, nimesimama. Wako uani wote wawili. Hillary ameomba maji ya vuguvugu na sabuni anawe mikono.

Athanas alifika kwanza, kupima uwanja wa kuweka viti. Hillary akaja, akafungua mkoba, akavuta dawa. Nilikuwa nimeshika kamba ya Doto. Nikasema moyoni, sasa, sema sasa. Nikafungua mdomo.

"Dotooo! Njoo mama, leo nimekuletea na maganda ya mzuzu!"

Moza! Kichwa juu ya ukuta, kilemba cha njano. Doto akaivuta kamba ikanitoka mkononi, akaenda mbio.

Hillary akaangalia kadi yake. Akasema, mama, huyu si Tausi?

Athanas akacheka kweli. "Tausi wapi! Huyu Doto. Marehemu kaka ndiye aliyempa jina."

Hillary hakucheka. Aliirudishia sindano kifuniko chake, taratibu. Akaniangalia, hata hakukasirika, ningependa akasirike.

"Mama, na Kulwa yuko wapi?"

Nikasema ngoja nilete maji.

Athanas ameacha kucheka. Namsikia anauliza, kwani Kulwa ana nini? Hillary anasema, tumsubiri mama. Moza naye hajaondoka. Doto anakula, nasikia anavyotafuna.

Maji yamepita vuguvugu, yanachemka. Nimeyaongeza ya baridi. Sabuni ninayo. Nimejaribu kusema hapa hapa jikoni, peke yangu, walikuwa wawili — sauti haitoki. Basi naweka beseni chini, natoka na mkono mtupu, kama Beno alivyotoka siku ile, vidole viwili juu.