Idadi ya Ng'ombe wa Mama

Jumanne jioni. Jua limepungua ukali na upepo umetulia, lakini harufu ya majivu bado iko kwenye nguo zangu. Ninaogopa. Nimeona niandike hivyo mapema, nisije nikaanza kujifanya jasiri kama kawaida yangu.

Wiki mbili zilizopita moto uliteketeza malisho yote ya kijiji chetu hapa Butiama, mchana mmoja tu. Nilifunga kibanda changu cha kushona kule Manyamanyama nikarudi kwa mama. Serikali imesema itawasaidia wafugaji waliounguliwa malisho: marobota ya nyasi kavu na mashudu, kwa kila ng'ombe mwenye hereni. Ni zile hereni za plastiki walizovalishwa masikioni mwaka jana ili waandikishwe.

Wetu wenye hereni ni tisa. Wasio nazo ni kumi na wanne.

Kosa ni letu wawili. Mama hajawahi kuhesabu ng'ombe maisha yake yote. Kwake, kutaja idadi ni kukaribisha vifo. Jioni husimama mlangoni pa zizi, huwatazama wakiingia, na hujua nani hayupo bila kutaja namba yoyote. Basi siku ya hereni ilipotangazwa, aliwapeleka hao kumi na wanne kwa mjomba, kule Kisorya, ili wasihesabiwe. Na mimi niliyesoma, ninayesali kila Jumapili na kusema siamini mambo hayo, ndiye niliyejaza fomu. Niliandika tisa, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Njia ya mwongo ni fupi. Kisorya nako nyasi zimekwisha, na juzi mjomba aliwarudisha wote. Kesho asubuhi afisa mifugo anakuja kuhakiki. Jirani anasema atakayekutwa amedanganya atafutwa kwenye orodha. Sijui kama ni kweli, ila tangu nisikie hivyo sijaacha kuwaza la kufanya.

Kwanza nilipanga kuwaficha tena. Wapi? Kila upande ni weusi mtupu, ng'ombe anaonekana tangu barabarani. Nikawaza hata kuwaswaga hifadhini kwa wanyamapori, wakamatwe huko wote na askari. Mungu anisamehe.

Leo asubuhi Madoa alishindwa kusimama.

Madoa hana hereni, na ana mimba kubwa. Maziwa yake ndiyo yaliyomkuza mwanangu. Tulimnyanyua watu watano, tumempitishia magunia chini ya tumbo. Alisimama huku miguu ikimtetemeka. Nyasi tulizonazo ni chache mno. Akila yeye, mwingine analala njaa.

Ng'ombe walipoingia zizini mama alisimama mlangoni kama siku zote, kisha akaniita. Akasema kesho ataongea na afisa yeye mwenyewe, na atamwambia kila kitu. Nikamkumbusha kwamba tunaweza kufutwa kabisa, tukakosa hata nyasi za wale tisa.

"Madoa halagi fomu, mwanangu," akasema.

Halafu akaniuliza kitu ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake.

"Wako ngapi?"

Ulimi ulinigomea. Mimi huyu nisiyeamini! Niliwatazama mmoja mmoja, nikasema polepole: ishirini na watatu. Mama akarudia kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayejifunza jina la mgeni. Kisha akaushika mti wa mlango wa zizi, na hakuuachia kwa muda mrefu.

Sasa yuko jikoni. Ninamsikia akiirudia ile namba, anafanya mazoezi ili kesho asikwame. Nimeshatoka mara tatu kwenda kumtazama Madoa. Bado amesimama.

Tumeshaitaja. Kukikucha mama atasimama tena mlangoni pa zizi, nami nitakuwa nyuma yake.

Watakuwa bado ishirini na watatu?