Nani Alimbeba Aline

Yaya Sifa, dada yangu mkubwa,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu zangu zilikwisha siku ulipozikwa, nikiwa nimeshika simu jikoni hapa Mount Druitt, Sydney, picha inakatikakatika, na yule kijana wa kambi ya wakimbizi aliyeshika simu upande wenu akinionyesha viatu vya watu badala ya kaburi. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya corona. Nilinawa uso, nikavaa barakoa, nikaenda kazini kuwaogesha wazee wa watu wengine. Tangu siku hiyo nina hasira, na leo nataka kukupa sehemu yako.

Imerudi kwa sababu ya mwanao. Aline amemaliza shule, ameomba chuo kimoja huko Amerika. Wale wa chuo wana desturi yao: kabla hawajaamua, mtu aliyesoma pale zamani, anayeishi katika mji wako, anaongea na wewe kisha anawaandikia. Wa kwetu ni bwana mmoja mwanasheria anayekaa upande wa baharini, mbali na sisi. Aline aliponieleza alitumia neno la Kiingereza, neno lile lile la kambini. Intavyuu.

Nilikuwa na bakuli la mboga ya lenga-lenga mkononi. Nililiweka mezani polepole.

"Lini?" nikamuuliza.

"Hajasema. Ataandika."

Basi tukaanza kungoja. Kwanza yule bwana aliandika kwamba watakutana Jumamosi kwenye mkahawa mmoja mjini. Aline akapiga pasi shati jeupe, akalitundika mlangoni. Ijumaa akaandika kwamba ameshikwa na corona. Baadaye akasema watafanya kwa video, atamjulisha siku. Halafu kimya. Wiki moja, mbili, tatu. Huku kazini nusu ya wenzangu wanaumwa, vipimo havipatikani madukani, mimi nafanya zamu za watu wawili na uso wangu una mstari wa barakoa kama kovu. Nilimchukia mtu nisiyemjua. Nilimwombea apone upesi, Yaya, lakini nilimwombea kwa hasira.

Joto la Januari hapa unalijua kwa kusikia tu. Nyumba yetu ina kuta nyembamba, jua likipiga unakaa ndani kama mkate kwenye tanuri. Aline alikaa mezani na simu mbele yake, haondoki, kama kuku juu ya yai. Simu ikilia anaruka. Kumbe ni duka la viatu linatangaza bei. Hali chakula. Nikimuuliza kitu ananijibu kwa Kiingereza, na ananiita Auntie. Miaka yote aliniita Mama. Tangu ulipozikwa mimi ni Auntie, kama mke wa jirani.

Na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Sikuogopa akose chuo. Niliogopa chumba, meza, mtu anayeandika huku unaongea.

Unakumbuka tulivyojiandaa mimi na wewe kwa intavyuu ya kambini, ile ya kuamua nani ahamishiwe ng'ambo? Asubuhi, mbele ya mlango wako, tukichagua mawe kwenye maharagwe ya mgao. Kadi yako ya mgao uliiweka ndani ya kopo la siagi ili panya wasiile. Ulikuwa unaniuliza maswali kama mwalimu. Tulitoka kijijini siku gani? Nani alikuwa mbele? Mvua ilinyesha? Nikikosea unanirushia haragwe la paji la uso. Ulikuwa na shabaha. Ukicheka unaziba mdomo kwa sababu ya lile jino lililotoka.

Na swali moja ulilirudia kuliko yote: "Nani alimbeba Aline?"

Mimi ndiye niliyembeba. Ulikuwa na malaria, huwezi kujibeba mwenyewe, ulitembea nyuma yangu ukishika pindo la kitenge changu. Siku tatu hadi ziwani. Lakini wewe ulisema tusiseme hivyo. "Wakisikia mtoto wangu alikuwa mgongoni kwa mwingine, watasema si wangu. Sema mimi nilimbeba." Nikakubali. Nilikuwa mdogo wako. Ulipanga, mimi nikakariri.

Siku ya intavyuu walitutenganisha, kila mtu chumba chake. Nikaulizwa, nikajibu kama tulivyopatana: yaya alimbeba. Wewe ukaulizwa, ukasema: mdogo wangu alimbeba.

Kwa nini, Yaya? Jibu lilikuwa lako. Wewe ndiye uliyelitunga.

Faili lako likawekwa pembeni kwa uchunguzi, langu likaendelea. Ulihangaika mpaka mtoto akahamishiwa kwenye faili langu, ukatufunga mizigo, ukasema, "Nendeni, mimi nipo nyuma yenu." Uchunguzi wenyewe haukuisha. Ulikwisha wewe.

Sasa utaelewa nilivyofanya na mwanao. Wiki ya tatu ya kungoja nilinunua maharagwe, nikayamwaga kwenye sinia, nikamwita akae. Nikaanza kumuuliza. Tulitoka kijiji gani? Ulifika Sydney ukiwa na miaka mingapi? Aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua ndani ya nyumba.

"Auntie, hii si intavyuu ya kambini. Anataka kujua napenda kusoma nini."

"Ndivyo wanavyoanza."

"Ni mwanasheria tu."

"Mbaya zaidi."

Nilikuwa nimeshatundika kitenge chako cha bluu ukutani, nyuma ya kiti chake, ili yule bwana akimwona aone nyumba yenye heshima. Alikuwa amekitoa mara mbili. "Sitaki kuonekana kama tangazo la wakimbizi," alisema. Mimi nikakirudisha mara mbili. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Nikamuuliza: "Nani alikubeba?"

"Wewe."

Nikamrushia haragwe. Hakucheka. "Sema mama yako ndiye alikubeba," nikamwambia.

"Lakini ni wewe. Mama aliniambia kwenye simu, kila Krismasi. 'Mama mdogo wako ndiye aliyekubeba siku tatu, usisahau.'" Akasimama. Sasa alikuwa anaongea Kiswahili, pole pole, akitafuta maneno. "Kwa nini unataka niseme uongo?"

Sikujua kwamba ulimwambia. Miaka yote hiyo mnaongea, mimi nikiwa chumba cha pili napiga pasi sare, sikujua. Nikachanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa husema kweli. Nikamweleza yote: maharagwe, vyumba viwili, majibu mawili.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo Mama alisema kweli, akabaki," akasema. "Wewe ulisema uongo, ukapanda ndege."

"Tulipatana."

"Na sasa unataka na mimi niseme uongo ule ule. Ili na mimi nipande ndege."

Afadhali angepiga kelele. Alikusanya maharagwe yaliyoanguka chini, akayarudisha kwenye sinia, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu, kama anayemfungia maiti.

Siku tisa tukaishi kama wapangaji wawili. Aliosha sahani yake tu. Mimi nikaosha yangu tu. Alipika tambi za pakiti na kula amesimama. Nami si mtu mzuri, Yaya, nakuambia wewe kwa sababu unanijua: jioni nilikuwa naigeuza feni ielekee upande wangu. Mtoto wako anatokwa jasho mezani, anangoja simu, na mimi nimekaa kwenye upepo najifanya nasoma Biblia.

Siku ya kumi, Jumanne, simu ikalia. Yule bwana aliuliza kama Aline anaweza leo, saa kumi jioni. Baada ya mwezi mzima, anatupa muda wa saa mbili tu kujiandaa. Nilitaka kumtukana. Aline alinawa uso, akavaa shati jeupe lililokuwa limetundikwa mlangoni wiki zote hizo, akakaa. Mikono yake akaikalia. Kitenge hakikuwepo ukutani. Sikukirudisha.

Nilichukua kiti, nikaenda kukaa nje chini ya kamba za nguo, katikati ya sare zangu zilizolowa. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ningeweza kusogea. Sikusogea.

Kiingereza changu ni cha wazee ninaowahudumia, lakini nilielewa. Alimuuliza anasoma vitabu gani. Alimuuliza kuhusu shule ya kwenye kompyuta wakati tumefungiwa, polisi barabarani na helikopta juu ya paa. Walicheka kidogo. Nikaanza kufikiri labda Aline alikuwa na haki, labda huyu ni mwanasheria tu. Halafu akamwambia: "Nieleze kitu ambacho hakimo kwenye fomu yako."

Nikasikia Aline akivuta kiti karibu na meza.

"Katika familia yetu waliwahi kuulizwa swali moja," akasema. "Mama yangu alijibu kweli, akabaki kambini mpaka akafa. Auntie yangu alijibu walivyopatana, akapita, akanilea. Kuna mmoja wao namkasirikia. Kila siku nabadilisha ni yupi."

Nilishika shati la kazi lililokuwa mbele ya uso wangu. Maji yakanichuruzika mpaka kiwikoni.

Yule bwana hakucheka. Akamuuliza swali lilikuwa lipi, naye akamwambia. "Na kweli ni ipi?" akauliza.

"Auntie alinibeba. Siku tatu."

Baadaye wakaongea mengine, sikuyasikia. Aline alipotoka nje alikuwa na glasi ya maji na shati limemganda mgongoni.

"Umesikia," akasema, kwa Kiingereza.

"Dirisha lilikuwa wazi."

"Umekaa hapo makusudi."

"Ndiyo."

Alikaa juu ya kapu la nguo, mbali kidogo na mimi. Alikunywa maji yote. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, bila kuniangalia: "Nilikuwa mzito?"

"Kama gunia la mihogo. Na ulinikojolea mara mbili kabla hatujafika ziwani."

Hakucheka. Lakini hakuondoka. Tulikaa mpaka sare zikakauka.

Jibu la chuo litakuja Machi, wanasema. Tumerudi kungoja. Bado ananiita Auntie, na sahani sasa anaziosha yeyote aliye karibu na sinki. Akipata atakwenda, nami nitabaki na feni yote. Akikosa tutaendelea kugombana hapa hapa.

Bado sijui kwa nini ulibadilisha. Labda homa ilikuwa imekurudia. Labda ulimwangalia yule aliyekuwa anaandika ukaona aibu. Au ulifika pale ukashindwa kuninyang'anya zile siku tatu. Kama ni hilo, lilikuwa zawadi mbaya, Yaya. Ningekupa zote tatu, na mgongo wenyewe, ungekuwa umekaa hapa chini ya kamba hizi ukilalamikia joto. Sijakusamehe. Wala wewe usinisamehe haraka.

Ila nimechoka kulisema jibu lako. Mwanao amelisema la kweli mbele ya mtu mgeni, na mimi niliye mkubwa nilikuwa nimejificha nyuma ya nguo. Kuanzia leo, akiniuliza yeyote, katika chumba chochote, nitamjibu kama ulivyojibu wewe. Nimeanza na barua hii. Lala, Yaya.

Mimi mdogo wako,
niliyembeba Aline