Stabilaiza za Datsun ya Fidelis

Jumatatu, 21 Oktoba 2024
Msalaba umekauka. Zege safi, jina la mwanetu Fidelis limeandikwa bila kosa. Paulina anataka tuusimike kaburini kwake Malinyi tarehe 2, Siku ya Marehemu Wote. Anasema tukodi lori la Fuso. Nimekataa — utakwenda na Datsun ya Fidelis mwenyewe.
Akaniambia: "Baba Fidelis, hiyo Datsun inayumba hata ikibeba mchicha."
Kweli inayumba. Ndiyo maana mwezi wa sita jeneza lilikwenda na gari la kukodi. Ndugu waliamua, nami nikakubali. Mpaka leo sijatulia.

Jumanne, 22 Oktoba
Fundi Jeremia, rafiki wa Fidelis, amelala chini ya gari nusu saa. Katoka na vumbi kwenye nyusi. Anasema kosa si kulishusha gari. Fidelis alipopunguza springi ili gari likae chini, stabilaiza zikaanza kugonga, akazitoa zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Sikujua hata ni kitu gani! Kumbe ni fimbo ya chuma inayoshika tairi la kushoto na la kulia, gari lisilalie upande kwenye kona.
"Alitaka liiname, mzee. Hakutaka makelele."
Tulicheka.
Paulina anasema springi zirudishwe, gari liinuke kama magari ya watu. Sitaki. Mtoto aliifanya kazi ile wiki mbili, anakula ugali kwa mkono mmoja, wa pili una grisi.

Alhamisi, 24 Oktoba
Kivukoni. Datsun kama yetu imelala nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaheri tangu enzi za pantoni, kabla ya daraja. Kuku wanataga ndani. Akasema chuma tuchukue, kuku tusiwaguse. Jeremia akauliza kama jogoo ndiye dereva.
"Ndiye. Na leseni anayo. Wewe je?"
Kuku mmoja alikuwa amelalia mayai, ikabidi tufungue nati kwa kunong'ona. Kutu tupu! Tukazilowesha mafuta ya taa. Saa tisa zikatoka stabilaiza zote mbili, hazijapinda.
Bi Mwanaheri kakataa pesa. Anasema kijana wangu alishakuja kuzitazama, mara mbili. Alisema atazirudia mvua zikiisha.
Hakuniambia.

Jumamosi, 26 Oktoba
Zimefungwa. Vishikizo vyake vilikuwa virefu mno kwa gari lililoshuka, Jeremia kavikata na kuvichomelea upya. Hazigongi tena. Mchana akaenda kula, nikaona nimsaidie. Nikakaza bushi zote za stabilaiza, gari likiwa bado juu ya jeki, matairi yananing'inia. Nilikaza kama ninayefunga mzigo wa mpunga.

Jumapili, 27 Oktoba
Baada ya misa Jeremia kaliendesha na magunia manne. Haliyumbi! Lakini limekaa upande kama mtu mwenye jipu, na kila shimo linalia. Paulina alikuwa barazani.
"Liuzwe."
Akaingia ndani. Hakula na mimi.

Jumatano, 30 Oktoba
Jeremia kacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Bushi ni mpira, anasema. Ukizikaza gari linaning'inia, zinashika hivyo hivyo. Gari likishuka, zinajinyonga. "Mzee, umemfunga mtu mkanda akiwa mtini, halafu unamwambia atembee!"
Mbili zimechanika. Mpya hakuna Ifakara nzima. Kachonga nyingine kwenye tairi kuukuu. Nikauliza, zitafika Malinyi? Zitafika, anasema. Kurudi ndiyo hajui.
Kosa langu. Yeye hakulisema, ndiyo maana linaniuma zaidi.

Ijumaa, 1 Novemba
Watakatifu Wote. Mawingu mazito upande wa Mahenge. Ikinyesha, Fuso tu ndiyo itapita. Paulina ameshampigia simu dereva wa Fuso, yeye hakuniambia — kaniambia Jeremia.
Saa mbili tumepakia msalaba, wanaume sita. Datsun imeshuka, matairi yameingia nusu ndani ya bodi. Jeremia yuko chini na spana, nati zote zimelegezwa. Anasema bado. Lazima mtu akae kwenye usukani, gari libebe uzito wote wa safari, ndipo akaze.
Nimefungua mlango. Nikaona kiti kilivyobonyea Fidelis alipokuwa akikaa. Nikafunga. Nimemwambia Jeremia asubiri kidogo.
Naandika nimeegemea ukuta, karatasi inashika grisi.
Fuso imefika! Dereva anapiga honi. Paulina katoka, kanga begani. Nikadhani anakwenda kuwaambia wahamishe msalaba. Ameipita Fuso bila hata salamu. Amefungua mlango wa Datsun, amepanda, amekaa. Miguu haifiki kwenye klachi. Ameshika usukani kwa mikono miwili na anatazama mbele, ukutani.
Gari limeshuka kidogo. Jeremia kauliza kutoka chini, nani huyo? Paulina kajibu:
"Mama yake. Kaza."
Anakaza. Bado nati tatu. Honi tena