Mshahara Mmoja, Wazee Wawili

Jumapili jioni, Tunduma. Baridi ya mwezi wa saba, na upepo umejaa vumbi la malori.

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika kaka zangu watatu. Nimewazika mafundi wote tuliojenga nao mtaa huu. Nimeizika hata kwacha ya zamani ya Zambia, ile yenye sifuri nyingi mpaka ukinunua sukari unabeba hela kwenye mfuko wa rambo. Kuna mganga mmoja wa zahanati aliniambia niache chumvi la sivyo sitamaliza mwaka. Naye nilikwenda kumzika, na maharage ya msiba wake nilikula yakiwa na chumvi ya kutosha.

Mimi nipo.

Shule niliishia darasa la nne. Haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye simu, polepole, miwani puani. Atakayecheka mwandiko aje kwanza kuhesabu vyumba vyangu. Ni kumi na vinne, vyote vina wapangaji, na tofali la kwanza nililifyatua mimi wakati hapa palikuwa majani na mbuzi.

Lakini leo moyo wangu si mzuri.

Nina wivu. Neno hili nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena. Liache likae.

Wivu wenyewe ulianza kwa Siwale. Siwale ni jirani yangu na ni mkwe wangu, maana kijana wake Gidioni ndiye aliyemwoa binti yangu Neema. Ana vyumba sita tu. Sita! Lakini alikuwa mtumishi wa serikali mpaka akastaafu, basi kila mwisho wa mwezi tukiwa tumekaa kwenye benchi la duka, simu yake inalia, anaitazama, anakohoa kidogo, anasema, "Imeingia." Watu wote wanampisha akanunue soda.

Simu yangu haijawahi kulia hivyo. Kodi yangu naifuata kwa miguu, mlango kwa mlango. Huyu anasema dereva hajarudi kutoka Lubumbashi. Huyu anasema mke kavuka mpaka kwenda Nakonde na pochi. Foleni ya malori ikiwa ndefu pale mpakani, vyumba vinajaa na mimi ni mfalme. Foleni ikikatika, nabaki na funguo. Sisi wenye nyumba wa Tunduma ndio watu pekee duniani tunaoomba Mungu foleni isiishe.

Sasa kati ya nyumba zangu na barabara kuna kiwanja cha Mama Nzunda. Mume wake, Mungu amlaze pema, alituachia njia katikati ya kiwanja hicho, kwa mdomo tu, mzee kwa mzee. Wapangaji wangu wote wanapita hapo, madereva, na akina mama wa magunia na matoroli yao. Juzijuzi tukasikia Mama Nzunda anarudi kwao Iyula kukaa na mdogo wake kwenye shamba la kahawa, na kiwanja anauza.

Sikulala vizuri. Akinunua Siwale atajenga fremu za maduka mpaka kwenye mpaka, na mlango wangu utabaki unatazama ukuta. Mpangaji gani atazunguka kwenye mfereji na toroli la mahindi? Ningebaki na vyumba kumi na vinne vya popo.

Nikamwendea yule mama nikamwambia niuziwe mimi, nitalipa kidogo kidogo. Kumbe Siwale alishapita asubuhi yake na maneno hayo hayo.

Mama Nzunda si mtu wa kuchezea. Alhamisi alituita sebuleni kwake wote wawili, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, akatuwekea chai, akasema hivi: "Baba zangu, habari ya vyumba msinieleze. Kodi ya vyumba ni mvua, inanyesha ikitaka. Mimi nitakuwa Iyula, siwezi kuja kugonga milango yenu. Nataka malipo ya kila mwezi, na nataka nijue yanatoka kwenye mshahara. Kila mmoja aniambie, nyumbani kwake inaingia mishahara mingapi."

Mbele ya mkwe wangu! Kwetu sisi, mtu na mkwe wake hawafunuliani hata sahani. Sasa tukafunuliane mifuko.

Siwale akajinyoosha. Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake laini. Pensheni yake mwenyewe. Mshahara wa Gidioni, ambaye anafanya kazi kwenye ghala la mizigo upande wa Zambia. Na mshahara wa mkwe wake, mwalimu kule Ndalambo.

Mwalimu wa Ndalambo ni Neema. Ni damu yangu.

Chai ilinipalia. Nilikaa nikasikia mtu anamhesabu mwanangu kwenye kidole chake cha tatu, kama bati la nyumba yake. Wivu ukanipanda kutoka kwenye magoti. Mimi ndiye niliyeuza mahindi, nikauza baiskeli, nikashinda njaa ili yule mtoto asome, na leo mshahara unalia kwenye hesabu ya Siwale.

Ikaja zamu yangu. Mwanangu wa kwanza anaendesha lori, analipwa kwa safari, huo si mshahara. Wa pili analima Isongole. Mke wangu anauza vitumbua. Mimi sijaajiriwa na mtu tangu nizaliwe, na siku zote nimejisifia hilo. Alhamisi sifa hiyo haikununua kitu.

Basi nikasema kwa sauti, "Kwangu unaingia mshahara wa mwalimu Neema."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Neema yupi tena, mzee?"

"Neema ni mmoja tu."

Siwale akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Mzazi mwenzangu, samahani. Ng'ombe sita ulipokea au hukupokea?"

"Nilipokea."

"Umewarudisha?"

"Ng'ombe wanarudishwa ndoa ikivunjika. Unaiombea ivunjike?"

"Hapana. Nasema tu, nikipita nyuma kwako naona vile vyumba vinne vya mwisho, najua hao ndio ng'ombe wetu. Wamevaa mabati. Wewe umekula kodi yao miaka yote. Sisi tuachie mshahara wa mke wetu."

Mwenyekiti aligeukia dirishani ili asicheke usoni mwangu. Nilimwona mabega yanatikisika.

Nikamjibu, na jibu langu nalipenda mpaka leo. Nikasema, "Mzazi mwenzangu, nyie mlitoa ng'ombe kwa ajili ya binti. Cheti mlikikuta. Binti ni wenu, kweli, akipika mle, akizaa mlee. Lakini mshahara unalipwa cheti, na ada ya cheti nililipa mimi. Ng'ombe gani wenu alikwenda chuo cha ualimu?"

"Toa cheti basi, ubaki nacho, tuone kama kitakwenda Ndalambo kufundisha!"

"Na wewe mtoe binti bila cheti, tuone kama simu italia!"

Tulikuwa tumesimama wote wawili. Wazee wazima, fimbo mkononi, kwenye sebule ya mjane.

Mama Nzunda alitusubiri tuheme. Halafu akaanza kutufyeka kama majani. Akamwambia Siwale, "Mshahara wa Gidioni ni wa kwacha. Leo juu, kesho chini. Siutaki." Akamwambia, "Pensheni yako ni ya mtu aliye hai, na wewe na mwenzio mmekohoa tangu mmeingia. Siitaki." Mimi nikaanza kutabasamu. Akanigeukia. "Na wewe, baba, huna hata wa kukataa."

Kisha akasema, "Kwa hiyo nyumba mbili, wazee wawili, mshahara mmoja. Na mwenye mshahara hayupo hapa. Mwenyekiti, una namba yake?"

Mimi na Siwale tulitazamana. Ndiyo mara ya kwanza siku ile tuliwaza jambo moja. Tulisema pamoja, "Hakuna haja ya kumsumbua mwalimu."

Alimpigia.

Hatukuruhusiwa kusikia. Mama alitoka uani na simu yake, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi alisema tu, "Anakuja Jumamosi. Nendeni nyumbani."

Ijumaa nzima ya kungoja nilijipa moyo. Neema ni wangu, atasema mshahara ni wa baba. Nilimwambia mke wangu hivyo. Mke wangu aliendelea kukoroga unga, akasema, "Wewe ulimuuliza?" Nikachukua fimbo nikatoka. Mwanamume hajibu kila swali.

Jana Jumamosi alifika na basi la asubuhi, vumbi la Ndalambo kwenye nywele, pamoja na Gidioni. Alinipigia goti akanisalimia, akaenda akampigia goti Siwale. Nilipima magoti yote mawili. Yalikuwa sawasawa, na hilo nalo liliniuma.

Kwenye ofisi ya mtaa aliongea dakika chache tu. Alisema, "Baba, na wewe baba, nimesikia mmenihesabu. Asanteni. Nimeongea na Mama Nzunda. Kiwanja nanunua mimi."

Siwale akasema, "Sawa mwanangu, maana yake tunanunua sisi."

Nami nikasema haraka, "Sisi wepi? Tunanunua sisi wa huku."

Neema akasema, "Hati inaandikwa Neema. Gidioni atakuwa shahidi."

Gidioni yule, kijana mrefu asiyeongea, akasema, "Ndiyo." Siwale alimtazama mwanawe kama mtu aliyeona ng'ombe anapanda juu ya paa. Kwa hilo nilifurahi. Nakiri, nilifurahi sana, kama dakika tano.

Tulipotoka nilimvuta Neema pembeni. Nilijifanya naulizia wajukuu, kisha nikasema, "Na ile njia, mama?"

"Njia ipo, baba. Nimewaambia waiandike kwenye hati kabisa, si ya mdomo tena. Hata mimi nikifa wapangaji wako watapita."

Hapo ningeshukuru. Mtu mwenye akili angeshukuru, maana ndicho nilichokuwa nakipigania. Lakini mdomo wangu ukauliza, "Na pale unajenga nini?"

"Vyumba vya kupanga. Vichache tu. Choo ndani, maji ndani."

Choo ndani! Mimi wapangaji wangu kumi na wanne wanapanga foleni choo cha uani tangu zamani, na hakuna aliyekufa.

Nikasema, "Vizuri, mama."

Leo baada ya kanisa, dereva wangu wa chumba namba tatu, Mzambia, mpangaji wangu bora kuliko wote, anayelipa bila kugongewa, alinikuta getini. Hawa wa ng'ambo huniita bashikulu, yaani babu. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Bashikulu, hongera. Mwalimu anaanza lini kujenga?"

Unaona.

Miaka yote nimemwonea wivu Siwale kwa mshahara, kumbe mshahara wenyewe nilikuwa nimemlea mimi. Sasa Siwale simwonei tena. Jioni hii yuko kwenye benchi anawaambia watu "tumenunua kiwanja," na mimi nilipopita niliwaambia hivyo hivyo, "tumenunua kiwanja," na wote wawili tulikuwa tunadanganya na wote walijua. Wivu umehama nyumba. Sasa ninamwonea mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kuhesabu kwa kutumia tofali zangu. Ni aibu hiyo? Au ndiyo malipo ya ada? Sijui, na hakuna wa kumuuliza, maana niliowaheshimu wote nimeshawazika.

Naye atajenga mbele yangu kabisa, barabarani, mimi nikiwa nyuma yake. Nitapita kila siku kwenye kiwanja cha mwanangu kwenda kununua chumvi.

Nimekaa nimefikiri. Vile vyumba vinne vya nyuma, nikitoboa ukuta upande wa mfereji, choo ndani kinaingia. Bomba halipo mbali. Fundi wangu wa siku hizi anachelewa kuamka, lakini kesho nitamgongea mlango kabla jogoo hajamaliza kuwika, na nitashika mwiko mwenyewe. Neema bado hajanunua hata mfuko wa saruji. Atanikuta nimeshamaliza viwili.

Anayefikiri natia chumvi amuulize mwenyekiti wetu wa mtaa, alikuwepo Alhamisi na alikuwepo jana, ingawa Alhamisi nusu yake alitazama dirisha. Amuulize Mama Nzunda, yuko Iyula sasa, ukifika sema unamtafuta mama aliyetoka Tunduma wiki hii. Gidioni naye atasema "ndiyo," hana neno lingine. Siwale msimuulize. Siwale atawaambia mshahara ulikuwa wake.