Pazia Nililolikana

Mwanangu mpenzi, mtoto wangu wa kwanza,

Kabla ya yote nataka kujua unalalaje na unakula nini, maana mara ya mwisho sauti yako ilikuwa imekauka ukasema ni vumbi tu. Kama ni kifua, usikae nacho. Sisi huku tupo. Baba yako anakusalimu. Goti bado linamsumbua lakini kazi ya viti haachi, anakaa juu ya ndoo anagonga misumari huku analitukana goti. Bibi yako anakusalimu sana, anasema amebakiwa na meno mawili na yote anakutunzia wewe, akuchekee nayo ukija. Mdogo wako amefaulu mtihani, ingawa si kwa kiasi anachojisifia. Shangazi yako amehamia chumba cha nyuma na redio yake, kwa hiyo habari za dunia nzima tunazo, tupende tusipende. Hata jirani yetu muuza viatu ameniambia nisisahau kumtaja, basi nimemtaja.

Mimi mwenyewe, mwanangu, si mzima. Si homa. Nimepata mshtuko. Shule yangu unaijua, madarasa manne, kwa hiyo nivumilie nieleze polepole kama mambo yalivyokuja. Sikukupigia kwa sababu simu ni ya baba yako na inapaza sauti nyumba nzima, naye bado hajui lolote.

Yule mwalimu mteja wangu alikuja kuagiza mapazia ya vyumba vitatu. Nikamwandikia bei, na chini yake kodi ya mauzo, kama Mzee Risiti anavyotusisitizia. Huyo ndiye mwenyekiti wetu sisi wenye maduka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayekupa risiti hata ukinunua msumari mmoja. Mwalimu akatoa simu yake akanionyesha pazia kama langu. Akasema mtandaoni bei ni ileile ila kodi hakuna, tena linaletwa mpaka mlangoni. Akaniomba radhi, akaondoka. Ile picha ilikuwa ndogo kama stempu, mimi niliona rangi tu.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Nilikwenda kwa Mzee Risiti, nikakuta nimetanguliwa. Muuza viatu alikuwa pale analalamika kwamba watu wanaingia dukani kwake, wanajaribu viatu, wanasoma namba, kisha wanakwenda kuagiza kwenye simu, na kwamba duka lake siku hizi ni chumba cha kujaribia tu. Mzee Risiti alituambia anamwita afisa wa kodi kwenye mkutano, lakini afisa hataki machozi, anataka ushahidi. Basi nikamsihi mwalimu aniagizie pazia moja kule kule. Kifurushi kilipofika sikukifungua, maana tuliambiwa kifunguliwe mbele ya afisa, asije mtu akasema tumekichezea.

Mkutano ulikuwa darasani, tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Fundi simu, yule binti wa kona, aliwatetea wa mtandaoni. Alisema wengi wao ni watu wasio na mtaji wa kukodi duka, wanauza wakiwa vitandani mwao, na ukiwalazimisha wakusanye kodi ya kila mji anakoishi mnunuzi, watashinda wanajaza fomu mpaka wafe njaa. Muuza viatu akamwambia lazima awatetee, kwani hao ndio wanaomvunjia vioo vya simu akapata riziki. Watu wakacheka. Ndipo nikasimama mimi. Mwanangu, nilisema vizuri, sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema mimi nalipia barabara anayopitia mleta kifurushi, yeye muuzaji analipia nini?

Afisa, kijana mpole mwenye miwani, alitueleza sheria ilivyo kwa sasa. Muuzaji aliye mbali kabisa haimgusi, na mnunuzi ndiye anayetakiwa aende mwenyewe kulipa ile kodi. Akauliza nani hapa amewahi kwenda. Darasa zima likatazama dari. Akasema hilo ndilo wakubwa wanabishania sasa, kama sheria ibadilishwe au iachwe. Ila, akasema, muuzaji akiwa na ghala hapa mjini, au hata mtu mmoja tu anayemfanyia kazi, anatakiwa kukusanya kodi tangu kifurushi cha kwanza, na asipokusanya atadaiwa yote pamoja na faini.

Kisha wakafungua kifurushi, wakanipa nilishike.

Unajua mimi kwenye upindo wa chini, kila pembe, natia washa, kile chuma cha duara chenye tundu, ili pazia lishuke sawa. Mafundi wenzangu hawafanyi hivyo, wananicheka kwamba nashona mapazia ya kuvulia samaki. Kidole changu kilipita kwenye pembe kikagusa chuma. Nikageuza pembe ya pili, kipo. Nikasoma karatasi iliyokuwa ndani ya kifurushi, jina la duka ulimi wangu hauliwezi, lakini namba ya simu ilikuwa ile ninayoipiga kila Jumapili, ninayoijua kuliko umri wangu.

Mapazia ninayokutumia kila mwezi uliniambia ni ya yule mama anayepamba nyumba za wageni.

Mzee Risiti akaniomba, mimi kama fundi, niwaeleze watu ile kazi ikoje. Macho yote kwangu. Nikasema ni kazi ya ovyo. Nikasema mshono umelegea, upindo umekwenda kombo, na aliyeshona hata wiki moja hajafundishwa. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu mwenyewe, mwanangu, kazi ya miaka ishirini na sita, nimeikana mbele ya watu na nikapigiwa makofi.

Asubuhi yake Mzee Risiti alikuja nyumbani. Hakufoka. Alisema mapazia hayajui, ila washa za dukani kwake anazijua, na mwanamke anayezinunua kwa mafungu mjini hapa ni mmoja. Akauliza muuzaji ni nani. Nikasema simjui. Akanitazama, akavaa kofia yake, akasema afisa anarudi Alhamisi na yeye ataulizwa. Angependa nimtangulie kusema.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ulinificha. Halafu nikakumbuka siku uliponiambia unataka kuuza vitu kwenye simu, nikakujibu kwamba hiyo ni biashara ya wezi na usiilete mlangoni kwangu. Uliniogopa. Hilo nalimeza, ni langu.

Lakini kuna jambo nimelizunguka tangu mstari wa kwanza, nalo lazima ulisikie kwangu. Kabla kifurushi hakijafunguliwa, afisa alileta karatasi ya malalamiko dhidi ya lile duka. Kila mtu alikuwa anamsukumia mwenzake. Nikaichukua mimi, nikasaini peke yangu, kwa majivuno. Aliyekushtaki ni mama yako. Na yule mtu mmoja anayekufanyia kazi hapa mjini, wasiyemjua bado, ni mama yako huyohuyo.

Nimefikiria kuichana karatasi, haiwezekani, afisa anayo. Nimefikiria kunyamaza, lakini kila mteja akisifia mshono wangu sasa najisikia kuumwa. Alhamisi nitasimama niseme mapazia ni yangu. Fundi simu ameniambia kwamba ukienda mwenyewe kwenye ofisi ya kodi kujiandikisha kabla hawajakufuata, huwa wanakusikiliza tofauti. Sikumwambia naulizia nani. Akaniambia kwa upole, haya mama, mwambie awahi.

Wote wanakusalimu tena, bibi yako mara mbili. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, atakaa saa moja hapo kituoni kwenu kabla ya kugeuza. Andika hata mistari miwili umpe yeye huyo huyo, unijibu haraka, mwanangu. Mimi Alhamisi nitasimama, barua yako iwe imefika au haijafika, ila nataka nikisimama nijue kama bado unaniita mama.

Ni mimi,
Mama yako