Mgeni Aliyebaki Kitini

Mylapore, Chennai
28 Desemba

Dada yangu mpendwa Visalam,

Salamu nyingi zikufikie hapo Coimbatore, wewe na shemeji, pamoja na hilo goti lako linalogoma kila siku yenye kazi. Yale mafuta ya tabibu yanasaidia, au yanachafua sari tu? Sisi huku ni wazima. Wifi yako Sornam anakusalimu, ila amekataa kuisoma barua hii kabla sijaituma. Anasema hataki kuwa shahidi.

Najua umeruka mistari hiyo ya juu. Haya, Bwana Sankaralingam alifika, akakaa kwetu siku tatu, na jana akaondoka. Uliniagiza jambo moja tu, ingawa kama kawaida yako lilikuwa na matawi manne: nimwonyeshe mji, nimlishe, nisijifanye mjuaji, na akirudi Tirunelveli awe amekubali Umayal wetu aolewe na mwanawe. Miaka miwili Umayal na Nellaiappan wanangoja neno la mzee huyu, naye akasema hatalitoa kabla hajamwona mjomba wa binti. Yaani mimi. Nilijua tangu hapo kwamba mambo ni mazito.

Nilimpokea stesheni ya Egmore asubuhi. Nilitarajia mkuu wa stesheni mstaafu awe mtu wa kufoka, nikakuta mzee mwembamba, mpole, mwenye mkoba mmoja. Miaka thelathini na sita amezipungia bendera treni za Chennai, na yeye mwenyewe hakuwa amepanda hata moja mpaka safari hii. Basi nikajipa ualimu. Njia nzima nilimweleza mji kwa madaha mpaka dereva wa bajaji akamuuliza mzee kwa kunong'ona kama huyu mwenzake naye ni mara yake ya kwanza kufika.

Kilichonitia wasiwasi ni vidole vyake. Havikutulia. Vilicheza kwenye chuma cha bajaji, kwenye goti, kwenye bilauri ya kahawa. Nikamvuta Sornam jikoni nikamwambia mzee ana ugonjwa wa kutetemeka, na huenda ni wa ukoo, kwa hiyo amtilie kahawa nusu asije akaungua. Mzee alikunywa nusu bilauri siku mbili nzima. Alishukuru kila mara, kisha akachungulia ndani.

Jioni ya pili nikampeleka kwenye muziki. Desemba kama hii, msimu wa matamasha, mtu atampeleka mgeni wapi tena? Tulikaa safu ya tatu. Mwimbaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuyeyusha siagi, na nilimweleza mzee kila wimbo, hata zile nisizozijua. Baada ya saa moja na nusu mwimbaji akanyamaza, akamwachia mpiga mridangamu apige ngoma yake peke yake.

Dada, unajua nifanyavyo hapo. Ni desturi niliyorithi kwa baba. Niliinuka, na nusu ya ukumbi ikainuka nami, kwa sababu wakati huo ndipo dosa za mkahawa wa nyuma zinapotoka motomoto. Nikamshika mzee mkono nikamwambia, "Twende, bwana, sasa hivi ni ngoma tu."

Akauchomoa mkono wake polepole, akasema hana njaa. Nikadhani anaona haya. Nilikula dosa mbili, nikamletea bajia kwenye karatasi. Nilimkuta peke yake katika safu yetu, macho yamelowa.

Tulipotoka nje ndipo aliposema. "Bwana Sethuraman, mimi nimepiga mridangamu miaka arobaini. Hekaluni, kwenye harusi za watu, popote nilipoitwa. Ikifika zamu yangu huwa naona migongo. Leo nimekaa upande wenu, nikajua migongo ile huwa inakwenda wapi."

Nilisimama na bajia zangu, mafuta yakinichuruzikia mkononi. Nilimwona Umayal anazeeka bila mume kwa sababu ya dosa. Nyumbani nilipomsimulia Sornam, aliniuliza tu kama huyo ndiye mgonjwa wangu wa nusu bilauri.

Kulipokucha nilimwomba mzee radhi, nikamsihi atupigie. Sornam akaazima ngoma kwa jirani ambaye bintiye anajifunza. Mzee akaketi sakafuni, akaanza. Sitakudanganya, mwanzoni nilikuwa nahesabu vigae. Halafu sijui ni lini mguu wangu ulianza kumfuata, na nilipokuwa na hakika nimemshika, akageuza, akaniacha nikining'inia hewani, akarudi kunichukua. Nilicheka kwa sauti. Majirani walijaa mlangoni, mama muuza mboga akatua kikapu chake. Hakuna aliyeondoka. Dada, nina miaka hamsini na mitatu, na maisha yangu yote nimekuwa nikila dosa nje ya mlango wa kitu hiki.

Alipomaliza aliomba kahawa, bilauri ijae. Akasema Umayal ni binti yake tangu leo. Kwa hiyo neno la ndiyo limepatikana, furahi, lia kidogo, kisha keti chini, maana lipo jambo ambalo sijakuambia.

Alitoa sharti moja, nami nilikubali papo hapo kwa niaba yako bila kukuuliza. Siku ya harusi atapiga yeye, na mlango wa ukumbi wa chakula utafungwa mpaka amalize. Ufunguo ataushika mjomba wa bibi harusi. Nilimuuliza kwa adabu itachukua muda gani, akanipiga begani akasema, "Wakikaa kimya, saa mbili tu."

Kwa hiyo, dada, wageni wetu uwashibishe asubuhi, hasa shemeji. Na ukitaka kunigombeza, nigombeze kabla ya siku hiyo, kwa sababu siku yenyewe nitakuwa safu ya mbele na sitageuka.

Mbusu Umayal kwa niaba yetu, mwambie aanze kuchagua sari. Goti lipone.

Mdogo wako asiyekoma kukusumbua,
Sethuraman